Mke wa Kwanza wa Charlie Allnutt

Kila mwaka, somo la Maadili ya Kikristo linapofikia sura ya ndoa na talaka, huwaonyesha wanafunzi wangu filamu moja ya zamani, The African Queen, iliyoongozwa na John Huston na kutolewa mwaka 1951. Wenzangu wawili watatu wamekwisha kuniuliza kwa nini niwapotezee watumishi watarajiwa karibu saa mbili kwa sinema ya mapenzi, tena ya kuchekesha, ilhali tuna Mathayo 19 na 1 Wakorintho 7 ambazo hatujazimaliza. Makala haya ni jibu langu kwao. Naliandika pia kwa sababu ya mtu mmoja wa Kigoma, ambaye nitamfikia baadaye.

Kwa wasioijua, kisa chenyewe ni hiki. Ni Septemba 1914, katika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Samuel Sayer, mmishonari wa Kimethodisti, na dada yake Rose wanaishi kijijini ndani kabisa ya nchi. Barua zao huletwa na Charlie Allnutt, fundi mitambo mwenye mashua ya mvuke iliyochakaa, mpenda pombe kali, asiyenyoa ndevu. Vita vinafika. Askari wanachoma kijiji, Samuel anapatwa na homa na kurukwa na akili, kisha anafariki. Charlie anamzika, anamchukua Rose katika mashua, na Rose anaamua kwamba wao wawili watateremka mto usiopitika hadi ziwani, wakaizamishe manowari ya Wajerumani kwa makombora ya kujitengenezea. Njiani wanagombana, Rose anamwaga chupa zote za pombe mtoni, wanapita maporomoko, wanaumwa na ruba, nao wanapendana. Katharine Hepburn ndiye Rose, Humphrey Bogart ndiye Charlie. Kwa kazi hiyo Bogart alipata tuzo ya Oscar mwaka 1952, pekee aliyoipata maishani.

Wanafunzi hucheka sana, nami hucheka nao kila mwaka mahali palepale. Baada ya poromoko la kwanza Charlie anadhani mama wa misheni atakuwa amekufa kwa hofu na ataomba warudi. Kumbe macho yanamwaka. Anakiri kwamba hakujua mwili wa binadamu waweza kusisimkwa namna ile, isipokuwa mara chache kanisani, Roho alipomshukia kaka yake katika mahubiri. Mchungaji asiyecheka hapo ana shida fulani, nami nisingependa kuwa msharika wake. Lakini angalia ustadi wa jambo hilo: Rose hakufundishwa na mtu yeyote kwamba furaha ya mwili ni kipawa cha Mungu, hivyo anaieleza kwa lugha pekee aliyonayo, lugha ya ibada. Watu wazima wawili, ambao kila mtu aliyewajua angesema wakati wao umepita, wanaanza kuitana kwa majina ya upendo na kukatiana mkate. Hata ile sala ya Rose, mashua ikiwa imekwama katika matete nao wamekata tamaa, haikejeliwi. Anaomba Mungu awapokee wote wawili wala asiwahukumu kwa udhaifu wao, kisha mvua inanyesha milimani na maji yanainua mashua wakiwa usingizini. Nimeona filamu nyingi zenye wachungaji ndani yake, na ni chache zinazojua sala ni kitu gani.

Yapasa kusema pia lililo baya. Filamu inaanza kanisani, Samuel na Rose wakiimba kwa sauti kuu huku waumini Waafrika wakiguna kama watu wasiojua wimbo ni nini. Kila mchungaji aliyewahi kusikia kwaya ya usharika wowote wa ukanda huu anajua kwamba huo ni uongo, tena wa kijinga. Baada ya kijiji kuchomwa, waumini hao wanatoweka. Hakuna anayewatafuta. Rose anaomboleza kaka yake na kiwanda chake kidogo cha wokovu, lakini hakuna mwanakijiji hata mmoja anayepewa jina. Filamu hii ina tabia ya kuwaondoa watu ambao uwepo wao ungefanya mambo yawe magumu. Naomba msomaji alikumbuke hilo, maana nitalirudia kwa habari ya mtu mwingine.

Sasa, ziwa. Filamu ilipigwa katika Kongo ya Wabelgiji, Uganda, na studio za London. Kigoma haikuonekana hata mara moja. Lakini meli inayowindwa katika kisa chake si ya kubuniwa tu. Nyuma yake iko Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku takriban 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa kwa reli ya kati hadi Kigoma. Ilishushwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mlango wa mto Malagarasi wasije wakaiacha mikononi mwa adui, lakini kwanza mafundi wakaipaka mitambo mafuta mazito, wakiamini itahitajika tena. Iliinuliwa mwaka 1924, na Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ikibeba abiria, dagaa na mananasi kati ya Kigoma, Kipili, Kasanga na Mpulungu kwa miongo mingi. Wanafunzi wanaotoka pwani ya ziwa husikia fahari nikiwaeleza hayo. Mmoja aliwahi kuniambia kwamba bibi yake alijifungulia humo. Wahubiri wamekwisha kuitumia meli hiyo kama mfano wa ufufuo mara nyingi mno, nami sitawaongezea.

Nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Filamu ilitokana na riwaya ya C. S. Forester yenye jina hilohilo, iliyochapishwa 1935. Kwa miaka kadhaa niliifundisha filamu bila kuisoma riwaya, kosa ambalo ningemkemea mwanafunzi. Nilipoisoma hatimaye, nilikuta mwisho ni tofauti. Katika filamu, Wajerumani wanawakamata wapenzi hao na kuwahukumu kunyongwa. Charlie anamwomba nahodha awafungishe ndoa kwanza. Nahodha anaifungisha kwa maneno machache mno na kuamuru kazi ya kunyonga iendelee. Ndipo meli inapogonga mabaki ya mashua yenye makombora na kulipuka, nao wanaogelea wakiimba. Katika riwaya hakuna harusi ya kitanzini. Mwishoni Rose anamwambia Charlie kwamba hawana budi kuoana. Na hapo, kwa muda mfupi tu, Charlie anamkumbuka msichana aliyemwoa miaka kumi na miwili nyuma, alipokuwa na umri wa miaka kumi na minane. Hawakuwahi kupeana talaka. Anadhani amekwisha kupita kwa wanaume kadhaa. Anajiambia kwamba Uingereza ni mbali, hawezi kumsumbua. Kisha anamjibu Rose kwamba sawa, waoane. Rose hamwambii lolote.

Msomaji atanisamehe nikisema kwamba niliweka kitabu chini nikakaa kimya. Kisa kizima kilibadilika. Yule fundi mcheshi, mwenye moyo mzuri, alikuwa mume wa mtu. Furaha yote ya safari ile ilikuwa na mtu wa tatu aliyeachwa mahali fulani, ambaye mwandishi hampi hata jina, bali anampa sifa mbaya kwa sentensi moja ili sisi tusimhurumie.

Filamu ilimfuta kabisa. Sababu si ngumu kuikisia. Kati ya 1934 na 1968 sinema za Marekani zilibanwa na kanuni za maadili zilizotaka utakatifu wa ndoa uheshimiwe katika kila hadithi. Shujaa mwenye wake wawili asingepita. Basi Charlie akafanywa kapera, na nahodha Mjerumani akaletwa kuhalalisha yaliyokwisha kutendeka mtoni. Kinachoshangaza ni nani walioifanya kazi hiyo. Bogart alikuwa ameachana na wake watatu, na mke wake wa nne, Lauren Bacall, ambaye alikuwa naye kwa furaha hadi kifo chake mwaka 1957, alisafiri naye hadi Kongo. Hepburn alikuwa amekwisha kupewa talaka. Huston mwenyewe alioa mara tano kwa jumla. Watu waliojua kwa miili yao maana ya kupenda tena baada ya ndoa kuvunjika walikaa msituni miezi kadhaa wakitengeneza hadithi ambamo hakuna aliyewahi kuvunja ndoa. Sisemi hili ili kuwasengenya marehemu. Nasema kwamba ule upole ulio katika uso wa Bogart, ule wa mtu anayepewa kitu ambacho hakukitarajia tena, haukutoka kwa kapera.

Siku hizi kanuni zile hazipo, na talaka imekuwa mada ya kawaida ya vichekesho vya mapenzi. Vijana wa Kigoma wameniletea kadhaa. Ticket to Paradise ya mwaka 2022, kwa mfano, inawaonyesha George Clooney na Julia Roberts kama watu walioachana yapata miaka ishirini, wanaokwenda Bali kuzuia harusi ya binti yao na mkulima wa mwani, nao wanaishia kupendana upya. Inafurahisha, na mtu wa Zanzibar au wa ufuko wa Kibirizi atamtambua mara moja yule kijana anayejivunia kazi ya majini mbele ya wakwe wenye shahada. Lakini Roberts anapoanza kisa ana mchumba, rubani wa Kifaransa mwenye tabia njema ambaye hakumkosea mtu. Hadithi inamfanya kuwa kichekesho ili tusiumie anapoachwa. Ndiyo desturi ya vichekesho hivi: ili wawili wafurahi, wa tatu hufanywa mjinga, au mbaya, au hafanywi kabisa. Forester alimfanya mbaya. Huston hakumfanya kabisa. Kwa habari ya ukweli, naona Forester alikuwa mwaminifu zaidi, maana walau alituachia sentensi moja ya kujikwaa.

Martin Luther angemtambua Charlie Allnutt bila shida. Katika andiko lake la mwaka 1530 kuhusu mambo ya ndoa, anawakemea kwa ukali wanaume wanaoacha mke na watoto na kwenda zao, kisha huoa kwingine, wakitegemea umbali uwafiche. Kwa Luther ndoa ni jambo la nje, la mamlaka ya dunia, ijapokuwa limebarikiwa na Mungu. Kwa hiyo aliyekimbia aitwe hadharani, apewe muda, na asipofika, aliyeachwa atangazwe kuwa huru kuoa au kuolewa. Hii ndiyo namna alivyolisoma neno la Paulo katika 1 Wakorintho 7:15. Mtu atasema Paulo anazungumza juu ya asiyeamini anayeondoka. Luther alijua hilo. Aliona anayemtupa mkewe njiani amekwisha kujionyesha kuwa hana imani, awe amebatizwa au la. Na katika kitabu chake kidogo cha ibada ya ndoa cha 1529 anatazamia kwamba majina ya wachumba yatangazwe mbele ya usharika kabla ya ibada. Matangazo yale tunayoyasoma kwa haraka kabla ya sadaka, huku wazee wakihesabu bahasha, yanafanya kazi moja kubwa: kumpa nafasi mke wa kwanza wa Charlie Allnutt asimame. Ndiyo maana harusi ya nahodha, pamoja na uzuri wake, ni harusi ya hatari. Haina matangazo. Haina anayeuliza kama kuna kizuizi. Wanafunzi wangu hubishana kila mwaka kama ni ndoa halali. Wengi husema ndiyo, kwa kuwa waliridhiana mbele ya mashahidi. Mimi huwauliza ni nani aliyemwandikia barua mke wa Uingereza.

Sheria yetu nayo inafuata njia isiyo mbali na hiyo. Sheria ya Ndoa Na. 5 ya 1971 inataka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa, inakataza mwenye ndoa ya mke mmoja kufunga nyingine, inaelekeza mgogoro upitie Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na inamruhusu hakimu kuona kutelekezwa kwa makusudi kwa miaka 3 au zaidi kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Majirani zetu Waislamu wa Ujiji wana utaratibu wao wa talaka na eda, na mara nyingi nimeona mwanamke wa Ujiji akijua hali yake kwa uwazi kuliko msharika wetu. Aliyepewa talaka na kumaliza eda hukaa barazani kwa wazazi wake, na kila mtu mtaani anajua kwamba yu huru kuposwa. Sisi tuna neno "anaishi bila ndoa" na neno "ana matatizo ya ndoa", nayo yote mawili humweka mtu nje ya Meza ya Bwana pasipo kusema hadi lini.

Nasema haya kwa sababu kosa lilikuwa langu. Miaka ya nyuma, nikiwa nahudumu kwa muda huko ziwani, ambako sisi Walutheri ni wachache na tunafahamiana hadi majina ya kuku, alinijia mama mmoja mwalimu. Mume wake, fundi mitambo kama Charlie, alikuwa amevuka ziwa kutafuta kazi upande wa Kongo akiwa amemwachia watoto wawili. Kwanza zilikuja barua, kisha salamu kwa wafanyabiashara wa vitenge, kisha habari kwamba amezaa kule na mwanamke mwingine, kisha kimya. Mwaka wa saba alijitokeza mjane mmoja, mtu wa heshima, mcheshi, aliyekuwa akimletea migebuka kila Ijumaa na kumchekesha hadi wanafunzi wake wakasikia kutoka darasa la jirani. Wazee wa usharika waliona jambo hilo kabla yangu. Mama yule hakuja kuniomba ruhusa ya dhambi. Alikuja kuuliza njia. Je, aende mahakamani, au baraza la ndoa la kanisa lingemsikiliza?

Nilimjibu kwa Malaki 2:16, kwamba Bwana anachukia kuachana. Nikamshauri asubiri na kuomba, labda mume atarudi. Sikumsomea aya ya 14 ya sura hiyohiyo, ambayo inamtaja Bwana kuwa shahidi wa mke aliyetendewa hiana. Nabii alikuwa upande wake, nami nikautumia mkuki wake kumchoma yeye. Aliondoka akiwa amenishukuru, kwa adabu ile ya walimu wa zamani. Alisubiri miaka mingine mitatu akikaa viti vya nyuma, akiondoka kabla ya Chakula cha Bwana ili asitazamwe. Katika muda huo wote sikufanya hata yale ambayo Luther alimwagiza mchungaji kufanya: sikumwita mume hadharani, sikuandikia usharika wowote wa ng'ambo, sikuitisha baraza. Nilimngojea Charlie Allnutt ajisikie vibaya.

Wanafunzi wangu, hasa wa kike, hunishinda katika mjadala huu. Mmoja alisema kwamba sisi wachungaji tunapenda The African Queen kwa kuwa inatupa mapenzi yasiyo na faili. Mwingine alisema, nami nakubaliana naye kwa sehemu kubwa, kwamba shujaa wa kweli wa kisa ni yule mke wa London, na kwamba ingetengenezwa filamu juu yake: msichana aliyeolewa mdogo, mume akaondoka na meli, akaishi, akacheka, labda akampata mtu mwema, na hadi mwisho hakuna aliyemwambia kama yu mke au si mke. Nilimwuliza kama ingekuwa filamu ya kuchekesha. Akasema kwa nini isiwe. Watu wa namna hiyo hucheka kuliko wengine.

Sehemu ninayotofautiana naye ni Rose. Yeye anamwona Rose kama aliyedanganywa tu. Mimi naona kwamba furaha ya Rose mtoni ilikuwa ya kweli na ya haki, hata kama Charlie hakuwa na haki ya kuipokea kwa kunyamaza. Kichekesho cha mapenzi kina jambo kinachojua kuliko baadhi ya mahubiri yetu ya ndoa: kwamba mtu aliyekwisha kuhesabiwa kuwa amemalizwa aweza kushikwa mkono na kushangaa. Ila hakijui la kufanya na aliyeachwa, wala sikukidai kijue. Hiyo ni kazi ya baraza la wazee, ya barua yenye muhuri, ya siku 21 na ya mchungaji asiyeona haya kuuliza swali lisilopendeza kwa bwana harusi mcheshi.

Mama mwalimu hatimaye alikwenda mahakamani bila msaada wangu na kupata talaka. Walifunga ndoa katika kanisa lingine, na kadi ya mwaliko ililetwa nyumbani kwangu na mtoto wake mkubwa, ambaye mimi ndiye niliyembatiza. Nilikwenda. Nilikaa viti vya nyuma. Kwaya iliimba vizuri mno, na bwana harusi alisahau mstari mmoja wa kiapo, naye bibi harusi akamnong'oneza huku akicheka hadi mchungaji wao akangoja.